Mbwa anayekohoa usiku: hesabu pumzi zake kabla ya kununua dawa nyingine

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam. Tuna mbwa mdogo, Jeki, chotara mwenye damu ya Maltese, ana miaka 11 na kilo 7. Miezi mitatu sasa anakohoa, zaidi usiku na alfajiri, kikohozi kikavu kinachoishia kama anataka kutapika. Duka la dawa za mifugo walimchoma OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) siku tatu mfululizo na kutupa dawa ya maji ya kikohozi. Kilipungua kidogo, kikarudi. Wiki iliyopita alikimbia kumpokea mume wangu getini, akaanguka ubavu na kulegea mwili mzima, halafu muda si muda akainuka kama hakuna kilichotokea. Majirani wanasema ni baridi ya feni. Je, ni mapafu au moyo? Tena tuna paka wa miaka minne. Mwezi uliopita nilimkuta anahema mdomo wazi. Ameambukizwa na Jeki?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nitakuambia kwanza ninachokishuku, kisha nieleze kwa nini. Katikati ya maelezo hayo lipo jambo moja ambalo nakuomba ulifanye usiku wa leo.

Umri wa Jeki, umbo lake dogo, kikohozi kisichosikia dawa na kule kuanguka getini, vyote vinanielekeza kwenye moyo, na ndani ya moyo kwenye vali ya upande wa kushoto. Hiyo ni dhana ya mtu ambaye hajamgusa mgonjwa. Atakayethibitisha ni daktari atakayeweka stetoskopu kwenye kifua chake. Baridi ya feni haimo. Paka naye hakuambukizwa, kwa maana ugonjwa wa moyo hautoki kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Lakini kwangu mimi paka mkubwa kuhema mdomo wazi ni habari nzito kuliko miezi mitatu ya kikohozi cha Jeki, na nitakuja kwake kwa kirefu.

Jambo la usiku wa leo ni hili: Jeki akishalala usingizi mzito, kaa karibu naye na uhesabu pumzi zake. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Tumia saa ya simu, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Usimhesabu akiwa anaota, miguu na midomo ikichezacheza, wala akiwa ametoa ulimi anahema kwa joto, kwa sababu hapo anapoza mwili na hesabu yake haina maana. Kwa joto la Dar subiri usiku uwe umetulia, au mlaze penye feni. Mbwa mwenye afya akiwa usingizini hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, paka vilevile, na wengi wao hukaa chini ya 25. Ukipata 18, 22, 20, usiku hata usiku, basi kuna uwezekano mdogo sana kwamba mapafu yake yana maji, hata kama kikohozi kinawanyima usingizi nyumba nzima. Ukipata zaidi ya 30, mwache, rudia baada ya nusu saa. Ikibaki palepale, mpigie daktari siku hiyohiyo. Ikipita 40, au tumbo linasukuma kila pumzi, au amekaa ametanua viwiko na kunyoosha shingo hataki kulala chini, au fizi zimegeuka kijivu au buluu, ondoka naye saa hiyohiyo. Usingoje kuche.

Ninasisitiza pumzi kwa sababu kikohozi ni shahidi asiyeaminika. Wengi wanadhani mbwa mwenye moyo mbovu hukohoa kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Mara nyingi sivyo. Maji yanapoanza kuingia mapafuni, kinachobadilika mapema ni kasi ya kupumua usingizini, na mabadiliko hayo yanaweza kutangulia dalili nyingine zote ambazo mwenye mbwa angeziona. Kikohozi kina njia yake.

Moyo wa mbwa una vyumba vinne kama wetu. Damu iliyotoka mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto, hushuka chumba cha chini, nacho huisukuma kwenda mwilini. Katikati ya vyumba hivyo viwili pana vali, ambayo madaktari huiita ya mitrali, na kazi yake ni kuzuia damu isirudi ilikotoka. Kwa mbwa wa aina ndogo, umri ukisonga, kingo za vali hiyo hunenepa na kujikunja zisifungike sawasawa, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za masika ukawa haukai tena kwenye fremu yake. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu inarudi nyuma. Kelele ya damu hiyo ndiyo mvumo anaousikia daktari, naye huupa daraja kuanzia 1 hadi 6. Chumba cha juu kinapokea damu isiyostahili kuwamo, mwaka baada ya mwaka, na kinatanuka. Juu yake tu ndipo njia kuu ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu yote mawili. Chumba kikishakuwa kikubwa kinaigandamiza njia hiyo kwa chini, hasa ile ya kushoto, na mbwa anakohoa. Ndiyo maana mbwa mmoja anaweza kukohoa miezi mingi na mapafu yake ni makavu, na mwingine akajaa maji kwa usiku mmoja bila kikohozi cha kuongelewa.

Ugonjwa huu wa vali ndio unaoongoza miongoni mwa magonjwa ya moyo ya mbwa. Marekani inakadiriwa kuwa unachukua kama robo tatu yake. Cavalier King Charles huanza wakiwa bado na umri mdogo. Maltese, Poodle, Chihuahua, Dachshund na machotara wao hufuata uzeeni. Mbwa wakubwa, Doberman na Great Dane hasa, moyo wao huharibika kwa namna nyingine: misuli yenyewe inalegea na kushindwa kusukuma. Mwenye mbwa wa aina hizo asiyachukue maelezo ya Jeki yote kama yalivyo.

Sasa lile la getini. Mbwa anayezimia kwa moyo huanguka akiwa katika furaha au mbio, mwili unalegea au unakakamaa kidogo, kisha katika muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika, anasimama na akili zake zote. Mwenye kifafa kwa kawaida hutetemeka na kupiga miguu, hutoa povu, na akimaliza huzunguka kama amepotea, wakati mwingine kwa saa nzima. Wewe umesema aliinuka kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni sura ya kuzimia. Likitokea tena, kama kuna mtu wa pili, mmoja amwangalie Jeki na mwingine arekodi kwa simu, kisha mmwonyeshe daktari. Video ya sekunde 20 humfaa daktari kuliko maelezo marefu, kwa sababu akija kliniki atakuwa mzima kabisa.

Hata hivyo sikufungii mlango wa njia za hewa. Mbwa wa aina ya Jeki ndio haohao ambao koo lao la hewa hulegea na kubonyea wanapovuta pumzi. Kikohozi chake ni kikali, chenye mlio, na huamshwa na mkanda wa shingoni, msisimko au kunywa maji. Magonjwa haya mawili yanaweza kukaa katika mbwa mmoja, na hapo ndipo hata daktari mzoefu anapolazimika kutafuta picha. Lipo dokezo dogo ninalolipenda. Mbwa mwenye shida ya njia za hewa pekee huwa mapigo yake yanaongezeka akivuta pumzi na kupungua akitoa, nayo hayana haraka. Aliyefika hatua ya moyo kushindwa kazi, mapigo yake huwa ya mbio na mbadiliko huo unapotea. Dokezo jingine unaliona kwa macho yako mwenyewe: wengi wa wenye shida ya koo ni wanene, na wa moyo walio hatua za mbele hukonda, misuli ya mgongo na mapaja ikipungua hata kama tumbo limejaa.

Kwa mazingira yetu kuna mambo mengine lazima yaondolewe shakani kwanza. La kwanza ni kupe. Babesia na ehrlichia, vijidudu vinavyoletwa na kupe, humaliza damu, na mnyama asiye na damu ya kutosha huhema na kuchoka sawasawa na mgonjwa wa moyo. Hata mvumo anaweza kuupata kwa sababu damu imekuwa nyepesi. Inua mdomo wa Jeki utazame fizi. Zikiwa nyeupe au za njano, au mkojo una rangi ya chai, sahau vali kwa sasa, mpeleke akapimwe damu. Nikisema hivyo siwalaumu waliomchoma OTC. Ehrlichia husikia dawa za jamii ya tetrasaiklini, na ndiyo maana sindano hiyo imezoeleka kwa mbwa wote. Lakini vali iliyonenepa haina bakteria wa kuuawa. Ule unafuu mliouona huenda ni kupanda na kushuka kwa kikohozi chenyewe.

La pili ni mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, anayejulikana vizuri Kenya na katika nchi nyingi za joto. Mbwa humpata kwa kula mbawakawa wa kinyesi, au mnyama mdogo kama mjusi au kuku aliyekula mbawakawa huyo. Lava wake husafiri kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kisha minyoo hujenga vinundu kwenye umio. Mbwa hucheua chakula, hukohoa, hukonda, na mara chache mshipa ule hupasuka naye hufa ghafla. Hapo penye “kama anataka kutapika” naomba uangalie kwa makini: je, kinatoka povu kidogo baada ya kukohoa, au ni chakula kizima kinarudi bila juhudi? Povu ni la kikohozi. Chakula kinachorudi, mwambie daktari kama ulivyokiona.

La tatu ni minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu. Minyoo mikubwa hufikia sentimita 25 hadi 30 na huishi katika mishipa ya mapafu, kwa mbwa miaka 5 hadi 7. Kipimo chake ni cha damu kinachotafuta alama za mnyoo wenyewe. Kwa pwani yetu natoa tahadhari moja: kuona vijiminyoo kwenye tone la damu chini ya hadubini hakuthibitishi minyoo ya moyo, maana kuna ndugu zake wanaotoa vijiminyoo vinavyofanana. Mmoja huishi chini ya ngozi. Mwingine, Brugia patei, alipewa jina la kisiwa cha Pate kule Lamu. Kabla hakijafanyika kipimo sahihi, usikubali Jeki achomwe ivamektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe, kwa kukisia.

Ukienda kliniki, omba asikilizwe kifua kwa utulivu, kisha omba eksirei ya kifua. Dar zipo kliniki zenye mashine hiyo. Ultrasaundi ya moyo, ile ambayo hospitali za watu huiita eko, ndiyo inayoionyesha vali yenyewe na ukubwa wa chumba, lakini inahitaji mtu aliyeizoea. Ukilazimika kuchagua kipimo kimoja kwa sababu ya fedha, mimi ningechagua eksirei, kwa kuwa inakupa mapafu, njia ya hewa na ukubwa wa moyo kwa mara moja. Daktari atapima moyo kwa kuulinganisha na pingili za uti wa mgongo wa mbwa huyohuyo. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na bado inatumika. Kwa mbwa wengi moyo hauzidi urefu wa pingili 10 na nusu. Kwa anayehitaji rufaa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama; wasomaji wa Kenya na Uganda wana vyuo vya tiba ya mifugo Kabete na Makerere. Jambo moja tu: kama siku hiyo Jeki anahema kwa shida, asilazwe kwa nguvu juu ya meza ya picha. Apewe kwanza oksijeni na sindano ya kupunguza maji, atulie, picha zitafuata.

Matibabu yanategemea hatua, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha au hupoteza muda. Mbwa mwenye mvumo ambaye moyo wake haujatanuka hahitaji dawa yoyote; anahitaji kuangaliwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mbwa ambaye moyo umetanuka lakini hajapata maji mapafuni ananufaika na pimobendani, dawa inayousaidia moyo kusukuma damu. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha mbwa 360 katika nchi 11, nao ulionyesha kuwa dawa hiyo ilirefusha kipindi cha kuishi bila moyo kushindwa kazi kwa kiasi cha miezi 15. Miezi 15 kwa mbwa mwenye miaka 11 ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Ndiyo maana nataka ukubwa wa moyo wa Jeki ujulikane mapema, wakati bado anakimbilia geti.

Maji yakishaingia mapafuni, furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, inakuwa ya lazima, pamoja na pimobendani, na mara nyingi spironolaktoni na dawa ya jamii ya enalaprili au benazeprili. Hapa tiba haiponyi vali. Inampa mbwa miezi ya kupumua vizuri. Katika utafiti wa mwaka 2008 uliolinganisha dawa mbili juu ya tiba ya kawaida, nusu ya mbwa waliopewa pimobendani walivuka siku 267, wakati kwa wale wa benazeprili nusu walivuka siku 140. Wapo wanaopita mwaka. Nakutajia tarakimu hizi kwa sababu una haki ya kujua kinachonunuliwa na fedha yako.

Furosemaidi, spironolaktoni na enalaprili hupatikana hata katika maduka ya dawa za binadamu, na daktari wa mifugo anaweza kukuandikia. Pimobendani ndiyo huhitaji kutafutwa; ulizia kliniki kadhaa kabla dozi ya kwanza haijaisha. Hutolewa mara mbili kwa siku, saa moja hivi kabla ya chakula, kwani chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Lakini usichukue vidonge vya presha vya mtu wa nyumbani ukakata nusu kwa kukadiria. Furosemaidi ikizidi hukausha mwili na kuumiza figo, na kila anayeanzishiwa anapaswa kupimwa figo na chumvi za damu ndani ya wiki moja au mbili. Akiwa kwenye dawa hiyo atakunywa sana na kukojoa sana. Usimnyime maji hata siku moja, hata usiku, hata kama analowesha sakafu. Kumnyima maji mbwa aliye kwenye furosemaidi ni kumharibu figo kwa mikono yako.

Wakati unasubiri kliniki, acha ile dawa ya maji ya kikohozi. Baadhi ya dawa za kikohozi za binadamu zina parasetamoli, nyingine zina viambato vya kufungua pua vinavyokimbiza moyo. Diklofenaki na ibuprofeni zisimguse. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo hutolewa kirahisi kwa kila kikohozi, inaweza kumsaidia mbwa wa njia za hewa, lakini kwa moyo unaoelekea kushindwa huchangia mwili kutunza maji. Isianzwe mpaka ijulikane tunatibu nini. Mvue mkanda wa shingoni, mnunulie ule unaopita kifuani. Matembezi yawe ya asubuhi mapema au jua likishazama, kwa mwendo anaoutaka yeye. Chakula kisiwe na chumvi nyingi: ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, mchuzi wenye viungo vya pakiti, vyote vikae mbali naye, na mchuzi wa vitunguu haumfai mbwa wala paka kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Lakini asilale njaa kwa ajili ya kukwepa chumvi. Mgonjwa wa moyo anayekonda ana hali mbaya kuliko anayekula vizuri chakula kisichokamilika.

Nije kwa paka, na hapa nakuomba usome taratibu.

Mbwa huhema mdomo wazi kila siku. Paka hafanyi hivyo. Mtoto wa paka aliyecheza kupita kiasi anaweza kuhema kidogo kisha akafunga mdomo. Paka wa miaka minne akihema mdomo wazi akiwa ametulia, au akichukua muda mrefu kurudi kawaida baada ya kukimbizana, anatafutiwa sababu. Na paka huficha. Mbwa mwenye moyo mbovu huacha kukimbia na wewe unaona. Paka yeye hupunguza kuruka juu ya kabati, hulala zaidi, hula kidogo kidogo, na nyumba nzima inasema ametulia siku hizi.

Tofauti ya pili na mbwa: paka mwenye ugonjwa wa moyo ni nadra kukohoa. Paka anayekohoa, akijikunyata chini na kunyoosha shingo mbele, watu wakidhani anataka kutoa nywele alizomeza, mara nyingi ana pumu. Kama unayaona hayo, kabla ya dawa yoyote angalia hewa ya nyumba yenu. Koili ya mbu, jiko la mkaa ndani, udi na ubani, manukato ya kupuliza, vumbi la mchanga wa choo chake: kila kimoja kinaweza kufunga njia zake za hewa. Pumu ya paka hutibika vizuri kwa steroidi, hata kwa dawa za kuvuta kupitia chombo chenye barakoa ndogo.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa paka ni kunenepa kwa misuli ya moyo. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto unakuwa mnene, milimita 6 au zaidi, chumba kinabaki kidogo, damu inarudi kujaa mapafuni au maji yanajikusanya kuyazunguka mapafu. Tafiti zinaukuta kwa paka wapatao 15 katika kila 100, na wengi wao hawaonyeshi chochote. Kwa Maine Coon na Ragdoll mabadiliko ya kijeni yanayouleta yamejulikana tangu mwaka 2005 na 2007, ingawa paka wa kawaida wa mtaani huupata vilevile. Mvumo hauaminiki kwa paka: wapo wagonjwa wasio nao, na wapo wazima walio nao. Paka wa namna hii akichomwa steroidi ya muda mrefu kwa kudhaniwa ana pumu, au akiwekewa dripu haraka, anaweza kuingia katika kushindwa kwa moyo siku chache baadaye. Kwa hiyo paka wako asipewe sindano yoyote ya “kifua” mpaka kifua chake kipigwe picha na kikiwezekana moyo utazamwe kwa ultrasaundi.

Uniambie pia anakula nini. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho ambacho moyo wake unakihitaji, ya kumtosha. Lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka waliokuwa na upungufu wa taurini mioyo yao ililegea, na kwamba walipopewa taurini mioyo ilirudi kufanya kazi. Ni nadra katika magonjwa ya moyo kuona kitu kinachorudi hivyo. Paka anayelishwa ugali au wali wenye mchuzi tu, au chakula cha mbwa, yumo hatarini. Ukimchemshia nyama au samaki, usimwage ile supu, kwani taurini nyingi hutoka na kubaki kwenye maji. Mpe pamoja nayo, bila chumvi wala kitunguu.

Na tafadhali, usimpe parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, uso na nyayo vinavimba, anahema mdomo wazi. Paka aliyeipata kwa bahati mbaya apelekwe mara moja, na mwambie daktari bila aibu kwamba alipewa, kwa sababu ipo dawa ya kupambana nayo na kila saa ina uzito.

Ipo dalili moja ya moyo wa paka ambayo watu huidhania ni kugongwa na gari au kurogwa. Paka aliyekuwa mzima anapiga kelele ghafla, miguu ya nyuma haifanyi kazi, ukiishika ni ya baridi, na vifuko vya nyayo vimepauka au kuwa vya bluu. Ni bonge la damu lililotoka moyoni na kuziba mshipa unaoelekea miguuni. Maumivu yake ni makubwa mno. Anahitaji dawa kali ya maumivu saa hiyohiyo, na baada ya hapo mazungumzo ya ukweli na daktari kuhusu kama aendelee au apumzishwe, maana wengi hawaponi na wanaopona huweza kurudiwa. Kwa walio katika hatari, klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, hupunguza uwezekano wa kurudiwa.

Hesabu pumzi zake naye usingizini, kwa vipimo vilevile vya Jeki, siku tano au sita, uandike. Akihema tena mdomo wazi, usimkimbize, usimbebe kifuani, usimmwagie maji. Mwekee kisanduku chenye matundu karibu, aingie mwenyewe au umwingize kwa taulo, kifunikwe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, gari liwe na upepo na ukimya. Piga simu kliniki ukiwa njiani uwaambie unaleta paka anayeshindwa kupumua, ili wakute oksijeni tayari. Mkifika, aachwe ndani ya kisanduku au chumba cha oksijeni kwanza kabla ya kushikwashikwa. Kama kuna maji yanayoyazunguka mapafu, daktari atayatoa kwa sindano kifuani, na nafuu huonekana papo hapo. Maji hayo yahifadhiwe yapimwe, kwa sababu si moyo peke yake unaoyaleta.